Kilichomo Ndani ya Tuta

Jumatatu, 3 Machi

Nesi amekuja saa nne. Kapima presha, kafungua bendeji ya mguu, kanusa, kafungua dirisha. Akifungua dirisha najua. Nikamwuliza, mwanangu, nimebakiza muda gani? Akasema yeye si mpiga ramli, babu, inua mguu. Kisha akasema mvua za mwaka ujao tuwaachie wengine, sisi tuzungumzie hizi.

Hizi zenyewe ni siku ya tisa hazijakatika. Mto unanguruma mpaka ukuta wa chumba unatetemeka.

Kabla hajaondoka alikaa ukingoni mwa kitanda akanisomea kijitabu cha kikundi chao cha kujikinga na mafuriko. Yeye ndiye mwenyekiti. Mwaka mzima wamezunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya kile watu wanachokijua: maji yalifika wapi, nani aliponea wapi, nani alikufa kwa kurudia godoro. Kazi safi. Nilipima ardhi ya halmashauri miaka thelathini, naijua kazi safi nikiiona.

Ukurasa wa nne: "Mwaka wa gharika mlinzi wa tuta alilala. Watu thelathini na mmoja wa mtaa wa chini walikufa. Funzo: mlinzi asiwe mmoja." Alisoma bila kutikisika, kama anasoma maelekezo ya dawa. Mlinzi huyo ni baba yake. Amekua akiitwa mtoto wa mlala — shuleni, sokoni, hata siku ya harusi yake kuna mlevi mmoja aliyekoroma kwa makusudi, ukumbi mzima ukacheka. Nilikuwepo. Nilicheka.

Hakulala. Mimi ndiye niliyemuua.

Maneno matatu hayo. Yamenichukua miaka arobaini na moja.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike yote, mkono ungali na nguvu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Maji yalikuwa yamebakiza shubiri mbili kuvuka tuta upande wetu, mtaa wa juu. Mke wangu alikuwa ndani na watoto wawili. Msumeno, mwenye kiwanda cha mbao, akaja mlangoni na wanaume wanane wenye sepetu. Aliniuliza swali moja tu: bwana mpimaji, tukate wapi maji yaende mtaa wa chini, yatuache?

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisomea! Nikatembea juu ya tuta nikihesabu hatua, nikachomeka kijiti. Hapa.

Walikuwa wamechimba hadi magotini mlinzi alipokuja mbio, filimbi mdomoni. Aliipuliza mpaka mishipa ya shingo ikatuna. Mvua ilimeza sauti yote. Msumeno akamvunja mkono kwa mpini. Akaishika filimbi kwa mkono mwingine, akapuliza. Wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu, akamng'ata Msumeno kifundo cha mguu hadi damu ikaruka. Kisha akaniona mimi. Akasema: bwana mpimaji, waambie! Wewe unajua kuna watu kule chini, waambie!

Nikampiga na sepetu. La kwanza kwa ubapa. La pili kwa makali.

Nikamsukuma kwa mguu ndani ya mkato. Maji yakamchukua, na tuta likamfuata. Nilitarajia tundu la mita tatu. Lilifunguka mita tisa kwa dakika moja, kwa sauti kama ng'ombe elfu wanachinjwa. Mabati ya mtaa wa chini yalikuwa yanachanika. Watu walikuwa juu yake. Niliona mwanamke amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, amelishika tawi, na tawi likaenda.

Siku ya tatu maji yaliposhuka, tukaambiwa wakaguzi wanakuja kesho yake. Lazima tuzibe. Udongo wote ulikuwa uji. Ila Msumeno alikuwa na mlima wa maranda nyuma ya kiwanda, na magunia. Tukajaza maranda. Magunia mia tatu na zaidi! Juu tukaweka udongo wa mfinyanzi futi mbili, juu yake tukapandikiza nyasi. Usawa wake niliuhakikisha mimi, kwa pima maji, nikiwa nimepiga magoti. Wakaguzi walisifu, nasi tukawaambia mlinzi alilala.

Maranda yanaoza. Kila mwaka pale panatitia upana wa kiganja, vijana wanaongeza udongo, nyasi zinaota tena. Watu wanapapenda. Wanasema ni kama godoro.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu, fundi bomba, karudi kutoka zoezini. Tope hadi mapajani na kicheko juu. Kikundi kimefanya jaribio: king'ora kikilia, mtaa wa chini wote waache vitu, wabebe wazee na watoto, wapande juu ya tuta. Wametumia dakika kumi na moja. Mwezi uliopita ilikuwa ishirini na sita. Anasema mama muuza mkaa alimbeba mumewe mgongoni, mume analalamika kwamba anaaibishwa, mke anamwambia nyamaza, mzigo hauongei.

Tukacheka wote wawili.

Nikauliza, mnakusanyikia wapi hasa? Akafungua ramani yao. Akaweka kidole.

Pale pale.

Akasema: Baba, ndipo palipo bapa na papana, nyasi laini, watu mia nne wanaenea. Nesi ndiye aliyepachagua.

Nikaisukuma ramani ikaanguka chini. Akadhani ni vidonge.

Watu mia nne juu ya magunia ya maranda yaliyooza, mto ukiwa umejaa. Mara ya kwanza tuliwaletea maji. Safari hii wanakwenda wenyewe, kwa mstari, kwa dakika kumi na moja.

Jumapili, 9 Machi

Nilimtuma mwanangu amwite Msumeno. Wale wanane wamekwisha kufa, tumebaki wawili. Akaja na fimbo yake, kavaa koti, ananuka mafuta ya mgongo. Mwanangu akatupisha, akatoka uani.

Nikamwambia nitasema. Akacheka kwanza. Akasema wewe tangu zamani unapenda kujionyesha umesoma. Akasema kufa taratibu, ndugu yangu, nitakuchongea jeneza zuri la bure, na mito ndani nikutilie.

Nikasema ya maranda?

Akanirukia. Sikujua bado ana mbio hizo. Akaiweka fimbo kooni, akaikandamiza kwa mikono miwili, meno ya bandia yakimchezacheza kinywani. Anasema kwa sauti ndogo: wanangu wana watoto, unataka wachomwe ndani ya nyumba kwa ajili ya roho yako iliyochelewa kutubu? Macho yangu yakaanza kuona weusi. Nikapapasa, nikaipata chupa ya mkojo, nikampiga nayo ya sikio. Ikapasuka. Wazee wawili, miaka mia na sabini tukijumlishwa, tunachakazana shuka moja, damu na mkojo vinatuchuruzika! Nilimng'ata dole gumba. Lilikuwa na ladha ya gundi.

Mwanangu akaingia, akambeba Msumeno kama kiti, akamweka nje. Akarudi akaniuliza, Baba, mnagombea nini watu wazima?

Nilimwomba shuka safi. Shingo imevimba. Lakini sijajisikia mzima hivi tangu mke wangu afariki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Nesi.

Alikuwa anafunga bendeji. Nilipofika kwenye makali ya sepetu hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga. Akakaza. Akakaza tena. Kidonda kikafunguka, usaha na damu vikapita kwenye kitambaa, nikalia kwa sauti, naye akakaza. Kisha akaiachia mara moja, kama mtu aliyeshika chuma cha moto.

Akauliza: upana?

Mita tisa.

Kina?

Mita nne na nusu.

Anaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Tarakimu zimenyooka. Halafu: alisema nini mwisho?

Alisema niwaambie. Kwamba mimi najua.

Akasimama. Akasema, basi utawaambia. Jumatano, kikaoni. Na ole wako ufe kabla ya Jumatano, babu — usithubutu.

Kwa mara ya kwanza neno babu limenichoma. Nikamsikia uani anapiga pipa la maji kwa ngumi. Mara nyingi. Kisha akarudi, ameosha mikono, akanifunga bendeji upya, sawasawa, kama inavyotakiwa.

Jumatano, 12 Machi

Alama ya tano kwenye nguzo ya mto. Tuta linaishia alama ya tisa.

Mwanangu alinipeleka kwa kiti, yeye na jirani. Ilinibidi nimwambie njiani. Hakunitupa. Hakunitazama pia.

Kikao kiko darasani, viti vidogo vya watoto, watu wazima magoti yamewafika kidevuni. Nesi akasema leo anayetufundisha ni mzee huyu, msimkatize, muandike. Nikasema. Mwanzo hadi magunia. Watu walikuwa wanaandika kweli! Kalamu zilisikika. Nilipotaja jina la Msumeno na langu, kalamu zikasimama.

Mama muuza mkaa ndiye aliyeinuka. Alipoteza mama na dada wawili mwaka ule. Akafungua kijitabu, akachana ukurasa wa nne, akauweka mbele ya Nesi kwa mikono miwili, kwa heshima. Akasema, dada, tusamehe. Kisha akanigeukia akanitandika kofi, kiti kikaanguka nami.

Hapo ndipo vurugu ilipolipuka. Nusu ya darasa ilitoka mbio kwenda kiwandani. Nesi aliwapigia kelele, tunahitaji mikono kwenye tuta, mto haungoji! Nusu ikamsikia. Wakachukua nondo wakachoma pale palipo bapa. Mwanangu anasema nondo iliingia kwa uzito wake yenyewe, kama kisu ndani ya papai. Chini ya tuta maji ya kahawia yanavuja, yana harufu ya mbao.

Msumeno walimtoa kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi moja moja. Wakamvunja mikono yote miwili kwa mbao zake. Wanawe walitoka na shoka, mmoja kapasuliwa uso. Kiwanda kinaungua hata katika mvua hii. Mwanangu alikwenda kuwaamua, karudi na jino mkononi — lake. Anasema mzee bado anapumua. Hakusema kwa furaha wala huzuni.

Alhamisi, 13 Machi

Alama ya sita na nusu.

Jana kipigo kilianza kabla sijasema la mwisho. Kuna mkato wa pili. Kabla hawajaja mlangoni kwangu, wale wanane walikuwa wamechimba mahali pasipofaa, wameshuka mita mbili, nikawahamisha. Hapo napo tulijaza maranda. Hapajatitia kwa sababu njia ya miguu imepashindilia. Na leo asubuhi kikundi kimehamishia mkusanyiko — wapi? Karibu na njia ya miguu!

Nilimpigia Nesi kelele mpaka sauti ikapotea. Akaja mbio. Nilipima yote kutoka nyumba ya pampu, na nyumba ya pampu ilibomolewa zamani. Alama imebaki kichwani mwangu tu. Lazima nichore kutoka kona ya shule, nipige hesabu upya. Amenipa ubao wa kuandikia, karatasi, rula. Anangoja.

Walio nje hawangoji. Wametoka kiwandani. Nawaona dirishani, kama hamsini, wamelowa, wana mbao zenye misumari. Kuna mmoja anaita, mpimaji, njoo tukupime! Wanacheka. Jiwe limeingia, limevunja taa.

Mwanangu ameegemea mlango kwa mgongo. Nesi ameufungua nusu, kasimama katikati. Nasikia kila neno. Anawaambia: hajamaliza kuchora.

Mmoja anasema, huyu alimuua baba yako!

Anasema: najua. Hajamaliza kuchora.

Na akimaliza?

Amegeuka, ananitazama mimi, si karatasi.

Mtu anapita mbio juu ya tuta akitangaza: saba! Mtaa wa chini umeanza kutoka na watoto. Wanauliza wapande wapi.

Mkato wa kwanza nimeuweka. Njia ya miguu nimeiweka. Umbali ninao, nimeuhakiki mara mbili. Umebaki mstari mmoja, urefu wa kidole. Mtu anayekufa kwa vyovyote, wiki hii au ijayo — anaogopa nini?

Nesi anasema, harakisha.

Nachonga penseli. Ina ncha kali, lakini nachonga.