Odhis, Watengenezaji wa Gemu Wamesema Hakukuwa na Msaliti

Kaka yangu Odhiambo, Odhis wangu,

Wamejibu. Watu waliotengeneza ile gemu yetu ya majambazi wa farasi wameulizwa mtandaoni ni nani aliyewauza wenzake kwa polisi kule mtoni, nao wamesema hawakuandika msaliti yeyote. Polisi walikuwapo tu. Watu wamekasirika, wanawatukana, wanasema wanaficha. Nilisoma nikiwa nasonga ugali, nikageuka kukuita. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Ungekataa, najua. Kwako alikuwa mpishi, basi. Wateja wote wa kibanda chako cha gemu pale soko la Ndhiwa walimshuku yule kijana aliyejiunga na genge mwisho, mimi nikasema ni mkubwa wao mwenyewe aliyechoka nao. Wewe ukasimamisha picha, ukagusa kioo kwa kidole: "Aki, tazama farasi wa mpishi. Ametandikwa kabla mkubwa hajatoa amri. Alijua wanakimbia!" Hata siku ambazo maumivu yalikushika viungo mpaka ukashindwa kubonyeza, ulinipa mimi nicheze, umelala kwenye benchi, umefunikwa sweta ya Mama, ukinielekeza. "Rudi kambini. Mwangalie mpishi." Jasho likikutoka.

Kibanda sasa kinauza chakula cha kuku. Baba mdogo aliuza tivi na mashine, na safari yetu yote katika ile gemu ilikuwa humo ndani. Otis, aliyekuwa akikufungulia asubuhi, yuko Karungu anavua omena. Tukikutana tunaulizana habari ya nyumbani tu.

Lakini sikukaa niandike kwa sababu ya gemu.

Baada ya kukuzika, wazee wa ukoo walikaa pale nje kwenye viti vya kukodi. Baba mdogo akasimama, akasema ugonjwa wa damu haujawahi kuonekana katika boma hili, kwamba umeletwa na mwanamke kutoka kwao Lambwe. Alisema "mwanamke", Mama akiwa ameketi hapo, kichwa amekifunga leso nyeusi.

Nikasema, "Baba mdogo, daktari wa Homa Bay alituambia selimundu hurithiwa pande zote mbili. Kwa mama na kwa baba."

"Wewe msichana, kaa chini."

Nilimtazama Baba. Wote tulimtazama. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, akaendelea kukwangua.

Mama hakulia. Aliingia ndani akakunja nguo zake, akachukua na ile sweta, akaondoka kabla viti havijarudishwa. Sikumfuata. Nilidhani atarudi jioni. Hajarudi, kaka.

Nimebaki na Baba. Nampikia, anakula, anasema asante. Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamwambia twende hospitali apimwe, ndugu zake waone karatasi, Mama arudi. Alinawa mikono kwanza, polepole.

"Nilipimwa," akasema. "Odhiambo akiwa bado ananyonya. Tulipimwa wote wawili, mimi na mama yako. Ninayo damuni, ingawa siugui."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini mbele ya watu wote wale?"

Akatoka kwenda kufunga ng'ombe. Mimi nikabaki nimeshika bakuli la maji.

Nilimpigia Mama. Nilitaka akasirike, apige kelele, aje na shangazi zake wote. Akasema, "Mwache baba yako. Hata wakijua, mtoto wangu atarudi?" Akaniuliza kama nimepanda mahindi. Sauti yake imekuwa ya mtu anayejibu akiwa chumba kingine. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema mvua imeanza huko, sauti yangu haisikiki vizuri.

Basi ndivyo tulivyo. Baba anakaa upande huu, Mama upande ule, na kila mmoja anajua. Ulinifundisha kutazama nani alikuwa wapi, nani alitangulia kujua nini, na nimetazama, na nimemjua, na haijasaidia kitu. Bado nafua mashati yake. Bado anakohoa asubuhi na mimi naamka kumwashia moto. Siwezi kumchukia vizuri, Odhis. Hata hilo limenishinda.

Siwezi kukuahidi kwamba Mama atarudi. Sitakudanganya. Nakuahidi hili tu: mtu akiuliza tena mbele yangu ugonjwa wako ulitoka wapi, nitasema ulitoka kwa wote wawili, na nitataja jina la Baba, hata akiwa ameketi hapo hapo anatazama chini.

Kwaheri, mtoto wa mama yangu. Viungo vyako visiume tena.

Dada yako,
Akinyi