Sentensi ya Bibi Niliyoiacha

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa sita. Old Moshi.

Manyunyu tangu asubuhi. Mlima haujaonekana siku ya nne leo, na sketi niliyofua Jumatano bado inanuka ubichi kwenye kamba ya barazani. Shule imefungwa. Nina vitabu viwili vya kusoma na sijafungua hata kimoja.

Nina jambo la kukiri, na kwa mdomo sitaliweza. Mimi hata mwalimu akiita majina, kusema "nipo" ni kazi. Bibi ameniruhusu niliandike hapa kwa sharti moja: nisimwite mgonjwa.

"Umeshaniita vya kutosha," alisema.

Bibi ni mama yake mama. Tunaishi wawili kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Mama anauza mitumba soko la Pasua, chini mjini, na hupanda huku Jumapili akipata nafasi. Mwaka juzi Bibi alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, na alikuwa akiwajibu. Akashikilia kwamba jirani yetu, Mama Aloyce, anamkatia ndizi zake, na siku moja alimkimbiza na panga hadi barabarani. Hospitali wakampa vidonge na sauti zikanyamaza. Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea: dawa ilimrudisha Bibi kwetu. Ilimrudisha akiwa mzito, vidole vikitetemeka akishika kikombe, mto umelowa mate kila asubuhi, lakini ilimrudisha.

Kliniki waliomba mtu mmoja nyumbani awe anaandika anachokiona kwa Bibi, kisha wao wakisome siku ya kurudi. Mama akanunua kaunta buku akanipa. "Wewe si ndiye bingwa wa insha?" Tangu siku hiyo Bibi ananiita Karani.

Nililipenda lile daftari kupita kiasi. Nilipiga mistari kwa rula. Niliandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, nikasahihisha, ndipo nikahamishia kwa kalamu. Nilitafuta maneno ambayo daktari angeyatumia.

Baada ya Pasaka walimbadilishia dawa, kwa sababu ile ya kwanza ilimlaza mno. Wiki ya pili Bibi akaanza kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye chanja la kuanikia kahawa, kisha kurudi, kisha tena. Akikaa kwenye kigoda anainuka kabla sijamaliza kumpakulia. Akisimama hasimami, anakanyaga papo hapo, mguu huu, mguu huu, kama anakanda udongo wa kukandika nyumba.

Jioni moja alisimama mbele yangu akiwa anakanyaga hivyo hivyo.

"Karani, andika. Nikikaa, miguu inawaka kwa ndani. Nikitembea inapoa kidogo. Siyo mimi ninayetaka kutembea."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Daftari lilikuwa wazi mapajani.

Sikuandika.

Nilidhani ni yale yale yamerudi. Leo miguu inamtuma, kesho itakuwa migomba. Na kulikuwa na sababu nyingine, hii inanichoma zaidi: sentensi yenyewe niliiona haifai. Miguu inawaka kwa ndani. Nilifikiri daktari atacheka.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Tulikuwa kwenye fungu la pili la rozari Bibi alipoinuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka nje, akarudi, akatoka. Mara ya nne Mama Aloyce akamwinamia mwenzake. "Imerudi hiyo. Mkitoka hapa mkafiche mapanga." Wakacheka chini chini, midomo ikaendelea na Salamu Maria. Nilikuwa nyuma yao, nimeshika kitabu cha nyimbo, masikio yanawaka moto.

Baada ya wageni kuondoka niliandika: "Mgonjwa hatulii. Anazunguka bila sababu. Dalili za awali zinaonekana kurejea."

Niliridhika sana na neno "kurejea".

Sasa nikiri sawasawa. Ningeweza kusema nilikosea kwa sababu sikujua, na watu wangenihurumia. Lakini nilipokuwa naandika nilikuwa namfikiria Mama Aloyce. Nilitaka Bibi atulizwe. Nilitaka akae kitini kama bibi za wenzangu, nisione aibu.

Siku ya kliniki mama alikuwa na mzigo wa kufungua sokoni, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Bibi hakuweza kukaa kwenye benchi, akawa anapima korido kwa miguu, watu wanamkwepa. Tulipoitwa niliingia na daftari, nikamwacha nje anatembea. Daktari alisoma ukurasa wote. Kisha akanitazama.

"Umeandika vizuri sana, binti. Uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

Akaongeza dozi.

Nilitoka nikitabasamu.

Wiki tatu zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Njia ya kwenda kwenye chanja ilitoka nyasi zote ikabaki udongo mtupu. Ndala zake zilikatika, nikazifunga kwa waya. Mtori, supu yetu ya ndizi, aliunywa amesimama, kikombe kinagonga meno. Kitenge chake cha bluu, ambacho zamani kilimtosha vizuri tu, akawa anakizungusha kiunoni mara mbili. Siku moja nilimkuta ameshikilia mgomba kwa mikono miwili, miguu inakanyaga chini yake, analia. Nilimuuliza, "Bibi, umesikia sauti?" Alitikisa kichwa. Sikuuliza la pili.

Kisha akafumba mdomo nilipompelekea kidonge. "Hiki ndicho kinachonitembeza." Nikaandika: "Mgonjwa anakataa dawa."

Jumapili iliyopita mama alipofika hakusoma daftari. Aliweka kapu chini, akamtazama mama yake akienda na kurudi, akamfuata hadi kwenye kahawa.

"Mama, kwani ukikaa unasikia nini?"

Swali lenyewe ni hilo tu. Mimi nilikuwa naye kila siku, sikuliuliza.

Jana Ijumaa mama alifunga biashara tukaenda naye. Safari hii alitupokea muuguzi wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alimwambia Bibi, "Shikamoo mama. Kaa nikuone, ukishindwa inuka, usijali." Akawa anaangalia miguu yake, si uso. Bibi alimwambia kila kitu: kuwaka, kupoa, na kwamba siyo yeye anayetaka. Muuguzi alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari anayoijua.

"Hayo ni maudhi ya dawa, mama yangu. Siyo ugonjwa umerudi. Na tukiongeza dawa, yanaongezeka."

Kisha akachukua daftari langu, akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na yeye mwenyewe alikuwa anasemaje?"

Nilitafuta. Nilijifanya natafuta.

Kurasa kumi na nane, na Bibi hajasema neno.

Daktari amepunguza dozi na kuongeza kidonge kingine kidogo cha kutuliza miguu. Ametuonya tusiache dawa kwa kujiamulia, maana zile sauti zinaweza kurudi kweli, na akasema nafuu haitakuja siku moja. Inaweza kuchukua siku kadhaa, au wiki. Mama alimwitikia yote. Njiani hakuniuliza kitu, na ningefurahi kama angeuliza.

Huku kwetu ukimkosea mtu unamletea jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, lililofungwa fundo, na aliyeletewa hakatai. Nimewahi kuona wazee wakilipeleka kwa ajili ya mpaka wa shamba, na mara moja kwa ajili ya binti aliyetoroshwa. Sijawahi kuona mtoto wa shule akilipeleka kwa bibi yake. Leo asubuhi nilikata moja pale mpakani, nikalifunga. Nikatoka nalo kwenye manyunyu, nikaanza kumfuata Bibi.

Tulikwenda hadi kwenye chanja na kurudi mara tatu, mimi nyuma, jani mkononi.

"Mbona unanifuata kama kuku aliyeona mahindi?"

Nikampa. Aliligeuza huku anatembea.

"Hili ni la watu waliogombana. Sisi tumegombana lini?"

Nilimwambia. Kwamba dozi iliongezwa kwa sababu ya nilichoandika. Kwamba aliniambia kuhusu miguu, nikaacha. Habari ya Mama Aloyce pia, na aibu. Nilisema yote nikiangalia visigino vyake, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mbele yangu.

Tulifika kwenye chanja, tukageuka. Tukarudi hadi karibu na mlango.

"Nilijua," alisema. "Nilikuambia andika, nikaona kalamu haiendi. Nikasema, basi, hata huyu."

Hata huyu.

Nimeyabeba maneno hayo siku nzima. Wengine walipomcheka, alidhani mimi nipo upande wake. Jani halikataliwi, kwa hiyo alilipokea, akalichomeka kwenye fundo la kitenge, akasema yameisha. Lakini nadhani kupokea na kusahau ni vitu viwili, na sina jani la hicho cha pili.

Kisha akasema, "Leta daftari. Usikae. Andika huku unatembea."

Nikaandika huku natembea, manyunyu yanaangukia wino, herufi zimelala kila upande, hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Niliandika alivyosema: "Miguu inawaka, lakini leo kama moto wa maganda ya kahawa, siyo wa kuni. Mate yananitia aibu kanisani kuliko kutembea. Nataka nipewe kikombe cha bati, cha udongo nitakivunja." Kwamba mate yanamtia aibu sikuwahi kujua. Hilo la kikombe lingehitaji tu mtu wa kuliuliza.

Mchana nilikaa jikoni kumenya ndizi za mtori. Bibi aliingia, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Sikuinua kichwa, niliogopa kumshtua. Nilimenya ya kwanza. Ya pili. Goti lake lilikuwa linacheza chini ya kitenge. Nilipomaliza ya tatu aliinuka akatoka, nikasikia ndala zikielekea kwenye kahawa.

Kutoka kule nje akapaza sauti, "Karani! Umeandika?"

Nilikuwa nimeshaandika, utomvu wa mikononi umeacha madoa kwenye ukurasa: "Bibi amekaa ndizi tatu."

Kesho nitamenya kwa mwendo ule ule. Nisiharakishe, nisichelewe, ili zikiwa nne ziwe nne kweli, na zikirudi kuwa mbili niandike mbili.