Ufunguo Uko Kifuani kwa Mama

Nyumbani kwa mama,
Jumapili jioni.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Wifi na mapacha hawajambo? Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Sisi wazima, ila mama anasumbuliwa na goti. Ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii. Nina dukuduku, na leo utalisikia.

Ulimwambia mama kwamba methadoni, dawa ya kumwachisha unga anayokunywa mdogo wetu, ni unga uleule uliobadilishiwa chupa, na kwamba mwanamume huacha vyote. Kwa mama neno lako ni sheria. Kesho yake alfajiri akafunga mlango ili mdogo wetu asiende kliniki, ufunguo akautia kifuani, akaweka kiti mlangoni akakaa.

Dawa ile hapewi aje nayo nyumbani, kaka. Kila asubuhi huinywa dirishani kliniki, kisha lazima aseme neno ili nesi ajue amemeza. Yeye husema, "Kesho tena, dada." Halewi. Amerudi kwenye kiti chake cha kinyozi, na watu wanampa shingo zao bila wasiwasi.

Siku ile ya mlango arosto ya kukosa dawa ilimpanda, akatapika na kutetemeka kutwa. Mama akafurahi, eti sumu inatoka! Jioni mdogo wetu akaruka dirisha la jikoni. Nilimkuta uchochoroni, kete ya unga mkononi, hajaifungua, analia. Nilimpokonya. Ningechelewa kidogo, ningekuwa nakuandikia habari za msiba. Nimekasirika, kaka, sikufichi.

Jana mama alipoingia kuoga niliuchukua ule ufunguo, nikampeleka mdogo wetu kliniki mwenyewe. Leo pia nimeuiba. Nesi alipongoja neno lake, mdogo wetu alinitazama kwanza.

"Kesho," akasema, "mama akifungua."

Mimi mama hanisikii, anasema namdekeza. Na Jumatano naanza zamu ya asubuhi kiwanda cha mikate, sitakuwepo kuiba ufunguo. Wewe ndiye uliyeufunga ule mlango, na hukuhitaji hata kuinuka kitini.

Shangazi anakusalimu sana. Wabusu mapacha. Mungu akutunze, na akupe moyo wa kusema ulikosea.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.

Usijibu barua hii. Mpigie mama.