CD Iliyokwama Kwenye Laptop ya Mama Yako

Bariadi, Simiyu
14 Juni 2023

Mpendwa mwanangu Joyness,

Hujambo huko Tunduma? Mumeo Salvatory hajambo? Mgongo wake umepoa? Sisi huku tunaendelea. Bibi yako Milembe ametoka Mwamapalala, yuko kwangu. Anakula vizuri, ila miguu inamvimba. Pamba tumeshaipeleka sokoni.

Najua unajiuliza kwa nini sipigi simu. Mara ya mwisho nilisema "haloo" tu, ukalia mpaka Salvatory akaichukua simu. Sikukulaumu. Mimi na mama yako, hata baba yetu alikuwa akituchanganya tukiongea nyuma ya mlango. Basi nimeona niandike.

Ni habari ya ile CD ya sendofu yako, sherehe ya kukuaga, uliyoniomba kwa kuwa ndiyo pekee yenye sauti ya mama yako. Nilitafuta nyumba nzima, mpaka kwenye pipa la mtama. Kumbe ilikuwa ndani ya laptop yake, kile kisahani cha pembeni kimegoma kutoka. Mama yako alikuwa akikipiga kwa kiganja na kukisemesha kama ng'ombe mkaidi: "Haya, toka basi!" Nami nikakipiga hivyo hivyo. Wapi.

Nikaipeleka kwa fundi Hamimu, mtu wa Tanga mwenye kibanda karibu na stendi. Alinyoosha kibanio cha karatasi, akachokonoa kwenye katundu kadogo, kisahani kikatoka. Akaiinua CD kwenye mwanga.

"Mama, ina ufa. Umeanzia tundu la katikati."

"Hauzibiki?"

"Hii siyo ndoo, mama yangu. Ikizungushwa inaweza kupasuka humo humo. Na draivu yako jicho la kusomea CD limekufa, lazima nifunge nyingine. Tuna safari moja tu. Nijaribu, au ukaiweke kabatini?"

Nilikaa kwenye benchi. Ikibaki nzima hatuisikii, ikipasuka hatuna nyingine. Aliyepiga video ile alishahama na hapatikani. Nilitamani nikuulize wewe, lakini ningekuuliza kwa sauti gani? Nikamwambia ajaribu.

Alifunga draivu nyingine, akaipunguza mwendo, akawa anainakili kwenye flashi huku tunaitazama. Tulikuona ukiingia na gauni la njano, mjomba wako Machibya akicheza kama aliyekanyaga siafu. Draivu ikaanza kukwaruza. Hamimu akaweka kiganja juu ya laptop kama anayempima mtoto homa. Ndipo mama yako akashika kipaza sauti.

Hamimu akanigeukia. "Ala! Kumbe ni wewe mwenyewe! Sasa unanitoa jasho la nini? Si useme tena, nikurekodi?"

"Siyo mimi. Ni Doto, pacha wangu. Tulimzika Januari."

"Inna lillahi," akasema, na hakutania tena.

Mama yako alikuwa amefika hapa: "Joyness, mayu wangu, mama yangu, siku ukirudi nyumbani..." Tukasikia pa! Draivu ilipofunguliwa, CD ilikuwa vipande.

Kilichokwisha kuingia kwenye flashi kimepona. Ndiyo hiyo nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na barua hii, inakuja kwa basi. Utamsikia mpaka maneno hayo, kisha kimya. Usidhani flashi ni mbovu.

Mjomba wako alinishauri nimalizie mimi, turekodi, eti hutajua. Nilikataa. Yeye ni yeye.

Lakini siku ile nilisimama ubavuni mwake, nimeshika waya wa kipaza sauti usikanyagwe, na yaliyobaki niliyasikia. Alisema: "Siku ukirudi nyumbani, usipige hodi kama mgeni. Sukuma mlango, njoo moja kwa moja jikoni." Watu wakapiga vigelegele, naye akanirudishia kipaza sauti. Ni hayo tu, mwanangu. Sijaongeza langu.

Bibi anakusalimu sana, na mjomba Machibya pia. Msalimie Salvatory. Mungu awalinde na awape usingizi mwema.

Ukimwombea mama yako, unikumbuke na mimi.

Nikupendaye daima,
Mama yako mkubwa,
Kulwa