Shikamoo ya Tausi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kilosa hatujambo, ila mguu wa babu yako bado unamsumbua.

Umeuliza kwa nini nilisomea kufundisha viziwi nikiwa mtu mzima. Shamba la mkonge lilipobinafsishwa tulipunguzwa kazi, nikawa nashinda nyumbani. Jirani alikuwa na binti, Tausi. Akimpita mzee bila shikamoo, anazabwa kofi. "Hana adabu huyu!" Siku moja sufuria iliniponyoka nyuma yake, hakugeuka. Kumbe hasikii.

Nikamfundisha kupiga goti. Wazee wale wale wakafurahi: "Sasa amepata adabu." Hakuna aliyemwambia pole.

Nilikwenda chuo kwa hasira, Neema. Mpaka leo marahaba hunikwama kooni, hata hiyo niliyokuandikia hapo juu.

Bibi yako