Ukucha wa Baba

Mtaa wa Tajganj,
Agra.
18 Januari 1996

Mpendwa kaka Siraj,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Maskati, wewe na wifi yangu Anjum, na kwamba binti yenu Zoya ameshapona kile kikohozi ulichotuandikia. Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua kila ukungu unaposhuka, lakini ulimi wake hauumwi hata kidogo. Baba naye mzima isipokuwa macho, na hayo unayajua. Sasa hivi anaona mwanga wa mlango tu.

Barua yako ya mwaka mpya tuliipata. Nilimsomea Baba yote, hadi pale ulipoandika kwamba utaacha kazi mwishoni mwa Machi urudi kushika gurudumu lake la kusagia mawe. Yeye alifurahi sana. Mimi sikufurahi, wala sikufichi. Ndiyo maana nakuandikia haraka: kama hujapeleka barua kwa mwajiri wako, usiipeleke, na kama umeshaipeleka, kaombe irudishwe. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unaikumbuka meza ya Babu, ile ya marumaru ya duara, yenye maua ya mawe, aliyowatengenezea wale watu wa Jaipur. Mwezi wa kumi na moja waliirudisha kwetu, ua moja limevunjika, petali zake tano za akiki zimetoka vipande vipande pamoja na marumaru iliyozishika. Baba akasema meza ya baba yake haiguswi na mtu wa nje, na binti hahesabiwi, kwa sababu binti ni wa nyumba ya watu. Nilimkumbusha kwamba nyumba ya watu ilishanirudisha tangu marehemu mume wangu Akhlaq aondoke, mwaka wa saba huu, na kwamba miaka yote hiyo petali zinazotoka humu ndani nimezisaga mimi.

"Kusaga, saga," akaniambia. "Kupachika ni kazi ya Siraj. Asipokuja yeye, gurudumu naliuza."

Unamjua Baba. Akisema anauza, huwa hatishii mtu.

Basi akaitwa Mubashir, mtoto wa Baba Mdogo, achonge tu nafasi za petali kwenye kipande kipya cha marumaru, ili ukija ukute kupachika kunakungoja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wewe huhitaji kuelezwa jinsi tunavyofanya: petali yenyewe inalazwa juu ya marumaru iliyopakwa rangi nyekundu, inazungushiwa sindano, halafu tindo inafuata ule mstari mweupe. Mubashir petali nne alizifanya vizuri. Ya tano nilikuwa bado naisaga, naye alikuwa na mechi ya kriketi inamsubiri, kwa hiyo hakungoja. Akachonga kwa kufuata mchoro wa karatasi.

Nilipomaliza petali yangu, Baba akailaza pale bila gundi, akafumba yale macho yake yasiyoona, akapitisha ukucha. Ukucha ukanasa kwenye mwanya.

"Wewe Mubashir, hapa umechonga nafasi ya petali au ya kwato la nyati?"

"Baba Mkubwa, si unywele tu huo."

"Haya, pajaze na unywele."

Marumaru ikishatoka haina kurudi. Baba akaagiza meza ifunikwe shuka mpaka uje, akaacha kutusemesha wote, hata mimi ambaye sikuwa na kosa. Siku ile nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Sikumkasirikia Mubashir, yule tangu utotoni ndivyo alivyo. Niliikasirikia ile shuka. Nilikuwa najua cha kufanya, na nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka pale.

Niliwaza hivi: nafasi haiwezi kupungua, lakini petali inaweza kukua. Shida ni kwamba petali moja ikizidi wenzake, ua zima linaonekana limevimba. Nikapekua kopo la akiki mpaka nikapata kipande chenye utepe mweupe ubavuni. Nikakikata kwa namna ambayo ule utepe ulikaa ukingoni, ili petali ionekane imegeuzwa kidogo na upepo. Nilitumia asubuhi tatu kwenye gurudumu dogo la uani, na Baba alisikia upinde wa kulizungusha unakwenda akadhani ni kazi ya kila siku. Ijumaa alipokwenda kusali, nikakaa kwenye mto wake wa kukalia kazini, nikapasha moto gundi aliyoikoroga mwenyewe, nikapachika zote tano. Ningekuambia kwamba mikono ilitetemeka, ingekuwa adabu, lakini haikutetemeka.

Juzi Jumanne watu wa Jaipur walituma ujumbe kuulizia meza yao. Baba akaomba afunuliwe aipime hasara. Akapitisha ukucha kuzunguka ua, polepole, kisha akaurudisha kinyume. Akarudia tena, haukunasa popote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Siraj kaja lini?" akauliza.

Mama alikuwa anamimina chai, nusura aimwage. "Siraj yuko Maskati anapanga vigae," akamwambia. "Huyo ni binti yako, aliyekalia mto wako Ijumaa wakati wewe unasali."

Baba akainama juu ya meza. Halafu akagusa tena petali moja.

"Naushaba. Ya tano hii ni kubwa."

"Ndiyo, Baba."

"Mama'ke, wewe unaonaje?"

"Mimi naona ua," Mama akasema. "Kunywa chai yako."

Kaka, akanyanyuka. Akapapasa ukuta, akasogea kando, akaupiga mto kwa fimbo yake, akaniambia, "Kaa." Mpaka leo hajanidai mto huo. Jana amenifundisha mambo ya gundi, yote. Siyaandiki hapa kwa sababu bahasha hufunguliwa, ila jua kwamba sasa tunaoijua siri hiyo tuko watatu: Baba, wewe na mimi.

Najua hukutaka kurudi. Katika barua yako umeandika neno wajibu mara tatu na neno hamu hukuliandika hata mara moja. Sikulaumu. Zoya ana shule yake, na Anjum amezoea huko. Njooni Idi mkiwa wageni, tule halua ya karoti ya Mama, halafu mwende zenu kwa amani. Gurudumu haliuzwi, na lina mtu wake.

Mama anakusalimu na anasema Anjum asimvishe mtoto nguo nyepesi asubuhi. Baba Mdogo anawasalimu, na Mubashir pia, ingawa anajificha. Baba amesema tu, "Mwambie alale bila wasiwasi." Nimeyaandika kama alivyoyatamka. Mwenyezi Mungu awafikishe Ramadhani hii mkiwa na afya, na aibariki mikono yenu katika kila mnachokishika.

Humu ndani nimeweka ile petali ndogo, iliyokataliwa na nafasi ya Mubashir. Mpe Zoya acheze nayo. Akikuuliza nani aliyeisaga, mwambie ni shangazi yake, na kwamba nyumbani kwetu siku hizi binti anahesabiwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Naushaba