Barua Iliyokwenda kwa Wote

Jumatatu, 11 Februari

Kupe! Mvua imenyesha wiki nzima na sasa Gaborone yote inatuletea mbwa hapa kliniki. Nimeandika barua pepe za kukumbusha chanjo mpaka vidole vimekufa ganzi, na najua hakuna anayezisoma. Watu wa hapa mpaka uwapigie simu, uulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, ndipo umtaje mbwa.

Isipokuwa mama mmoja, Mma Lesolle. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, fundi cherehani kule Mochudi, na barua pepe ndiyo njia yetu na yeye. Zile jumbe za makundi ya simu hazitaki kabisa — zinakuja kama kuku waliomwagiwa mtama, anasema. Barua anaketi, anaisoma.

Leo kamleta mbwa wake, Tsebe. Jina hilo maana yake sikio, na kweli ndiye sikio lake. Mteja akigonga geti, Tsebe anakwenda kumvuta Mma Lesolle sketi. Mbwa wa kawaida tu, rangi ya mchanga, mkia umepinda. Ana homa ya kupe, mkojo kama chai ya rangi. Dk. Seipone kasema alazwe. Mma Lesolle akaniandikia kwenye karatasi: Tsebe aniandikie kila siku, tena yeye mwenyewe! Akacheka, akaenda zake.

Ndio mtindo wetu hapa kliniki. Mgonjwa akilazwa, namwandikia mwenye mnyama kwa sauti ya mnyama. Wateja wanaupenda mno.

Jumanne, 12 Februari

Nimeandika: "Mama, nimelala pazuri. Jirani yangu ni paka, ana maringo. Maji nimekunywa. Tsebe."

Jibu likaja papo hapo, refu! Salamu kwanza — kwa daktari, kwangu, kwa mama yangu ambaye hajawahi hata kumwona, mpaka kwa yule paka. Kisha: "Usimseme paka wa watu, uko ugenini. Jana mteja kasimama getini weee, mwisho kaondoka na kitambaa chake. Rudi upesi, mwanangu."

Nikamsomea Tsebe. Najua, ni wazimu. Akatikisa mkia kidogo.

Jumatano, 13 Februari

Mambo yameharibika.

Asubuhi nilituma: "Mama, leo nimeamka vizuri." Nilituma kabla sijamwangalia. Kwa mazoea tu! Nikaenda kumwona — hainuki. Fizi nyeupe kama unga. Daktari akampima, akasema damu yake inakwisha. Apate damu ya mbwa mwingine kufikia kesho asubuhi, la sivyo tumemkosa.

Nikauliza, tumwandikie mwenyewe? Daktari akanikazia macho. "Gorata, umelelewa wapi wewe? Habari kama hiyo inaandikwa?"

Kweli. Kwetu habari nzito haitumwi. Unaipeleka kwa miguu yako, unaketi, unasalimia, ndipo aliye mkubwa aseme. Tukapanga twende Mochudi sote wawili, leo hii, tukishafunga. Wakati huohuo niwaandikie wateja kuomba damu.

Nikaandika. Safari hii kwa sauti yangu. Kwamba Tsebe wa Mma Lesolle wa Mochudi huenda akafa, na mwenye mbwa mkubwa, mzima, aliyechanjwa, atusaidie, amlete kesho asubuhi na tumbo tupu. Nikachagua majina yote. Wote! Nikatuma.

Kisha nikaona. Mungu wangu. Kwanza, anwani zote ziko wazi, kila mteja anamwona mwenzake. Pili — katika hao wote, yumo Mma Lesolle.

Barua si mbuzi useme utaikimbilia uirudishe. Nilibaki nimeshika kichwa.

Wa kwanza kujibu ni mzee mmoja, Rra Phuthego, na kajibu kwa wote: "Nani kawaruhusu kugawa anwani yangu kama pipi? Mtanitambua!" Mwingine akamrukia: mbwa anakufa, Rra, wewe unalilia anwani? Wa tatu kasema mbwa wake ana nguvu ila ni mkorofi, tutamweza? Wa nne: huyo msimlete, alishamng'ata mtoto wa dada yangu! Vurugu tupu.

Halafu likaja jina lake. Mma Lesolle, kwa wote. Sikutaka kufungua. Nikafungua. Nainakili hapa yote:

"Salamu, ndugu zangu. Natumaini mmeamka salama na mvua imewafikia. Mimi ndiye mwenye Tsebe. Nimejua sasa, pamoja nanyi, maana asubuhi aliniandikia kuwa kaamka vizuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rra Phuthego, usikasirike. Nimefurahi kuliona jina lako, sikujua kama tunatibiwa mahali pamoja. Mwenye mbwa anayeweza, namwomba. Asiyeweza asione haya. Kesho nakuja na basi la kwanza."

Daktari aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. "Jamani," akasema, "na yote haya, ametusalimia kwanza." Safari ya Mochudi haikuwa na maana tena. Mimi nililia chooni kama mtoto.

Alhamisi, 14 Februari

Nianzie wapi? Nimekuja kufungua — mbwa! Mbwa kuanzia mlangoni mpaka barabarani! Mbwa wa walinzi, mbwa wa ng'ombe wametoka machungani na tope lao, mmoja kafungwa kwa tai ya mume wa mtu. Bibi mmoja hana mbwa, kaleta beseni la magwinya, maandazi yetu, ya moto: paka wangu hafai kwa damu, kasema, lakini nyie mtakula. Na sasa ndio wanajuana! "Ahaa, kumbe wewe ndiye wa yule mkorofi!" Miaka yote wamekaa kwenye benchi hili hili bila hata kuangaliana. Nilisimama na funguo mkononi, nimeduwaa.

Mma Lesolle kaja kama alivyosema. Kawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Nikamwandikia karatasini: nisamehe. Akaandika chini yake: "Kwa barua ipi? Ya asubuhi au ya mchana?" Nikaandika: ya asubuhi. Akatikisa kichwa, akaandika tena: "Ya mchana imenipa watu. Ya asubuhi ilinipa mbwa mzima ambaye hayupo. Usirudie, binti yangu."

Sirudii. Haki ya Mungu sirudii.

Daktari kapima damu, kamchagua nani? Goliati, lile jibwa la Rra Phuthego! Mwenyewe kasema alikuja kulalamika habari ya anwani, mbwa kamfuata tu. Na jibwa limekuja na tumbo tupu, vilevile tulivyoagiza kwenye barua! Sindano ilipoingia, Goliati katulia, Rra Phuthego ndiye kataka kuanguka. Mma Lesolle kamshika mkono mpaka mwisho. Ama kweli.

Mchana. Naandika hapa kaunta. Damu inaingia kwa Tsebe tone kwa tone. Hakuna aliyeondoka. Daktari katoka sasa hivi, barakoa bado mdomoni, katuambia sisi tulio huku mbele: damu imekubali, lakini moyo umechoka sana, huenda asifike jioni. Mama wa watu msimwambie kwanza, kasema, ameumia vya kutosha.

Sote tumesikia. Yeye peke yake hakusikia. Akatazama nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine. Watu wakainamisha macho. Akafika kwangu. Akainua simu yake, akanionyesha kioo kitupu.

Daktari alikuwa ananiangalia. Nimemwandikia hata hivyo. Yote: damu, moyo, jioni, na hilo neno "huenda". Nikaweka jina langu chini. Simu ikatetemeka mkononi mwake.

Kasoma. Karudia kusoma. Kaiweka simu mkobani, kavua viatu, kaingia ndani. Daktari kampisha. Kaketi sakafuni, kaweka kiganja ubavuni mwa Tsebe.

Mlango uko wazi, kila mtu anaona. Na sebule nzima imenyamaza! Bibi wa magwinya kaweka kidole mdomoni, Rra Phuthego kamshika Goliati mdomo asibweke. Wote wamebana pumzi wasimsumbue mtu asiyesikia, na hakuna hata mmoja anayeona ajabu.

Kiganja kinapanda. Kinashuka. Kinakawia — kinapanda tena.